Wimbo Ambao Redio Yetu Haikuupiga Noeli Hii

Mutanga Nord, Bujumbura
Siku chache baada ya Noeli

Mama yangu mpendwa,

Shikamoo Mama, na Baba umfikishie shikamoo yake. Nawaandikia nikiwa mzima, nimekula, na jana nimelala vizuri. Nataja kulala kwa sababu najua ndilo swali lako la kwanza. Bunduki za huko milimani siku nyingine tunazisikia, siku nyingine hatuzisikii, na wiki hii ya sikukuu imekuwa tulivu. Mgongo wako je? Na kikohozi cha Bibi kimepungua, au mvua zimekiongeza? Dagaa ulizompa yule mama wa melini zilifika. Mama mdogo alifungua mfuko pale pale mlangoni, akanusa, akasema, "Hizi ni za Kigoma kabisa, hakuna mutu atanidanganya."

Katika barua yako umeniuliza jambo moja mara mbili, mwanzoni na tena pembezoni mwa karatasi: mdogo wako Perpetua ataganduka lini? Mama, nimechelewa kujibu kwa sababu sikuwa na jibu. Mimi niliyekulia Kigoma neno hilo la kuganduka nilikuwa nalisikia tu kwenu wakubwa. Sasa nimeishi nalo nyumba moja. Familia isipokutana ikanywa pombe pamoja, na mkubwa wao akasema msiba umekwisha, sasa limeni, oaneni, imbeni, basi nyumba inabaki msibani. Tangu kaka Dezire, mwana wa mama mdogo, azikwe umepita mwaka na zaidi. Wajomba wamekuja kumwuliza mama mdogo siku gani itamfaa. Anawapa chai, anawauliza habari za watoto wao, halafu anawaambia "bado," nao wanachukua kofia zao wanaondoka.

Redio tunayo, ile ndogo ya betri iliyo juu ya kabati. Mama mdogo huiwasha kwa ajili ya habari tu, maana hapa usiposikiliza habari hujui barabara ipi imefungwa. Mtangazaji akishaaga, kabla muziki haujaanza, mkono wake umeshafika kwenye kifungo. Nimemwona akikizima kifungo hicho mikono yake ikiwa imejaa unga. Mimi mwenyewe nimezoea kufua bila kuimba.

Na kazi niliyoipata, Mama, ni kazi ya muziki.

Nilikuandikia kwamba niko redioni, sikukueleza vizuri. Usifikiri natangaza. Mimi nisimame mbele ya kipaza sauti! Nakaa nyuma, katika chumba kisicho na dirisha wanachokiita diskoteki, zinakohifadhiwa kanda, kaseti na santuri zote. Mkubwa wa chumba hicho ni Mama Imelda, anayesali parokia moja na mama mdogo. Alikuwa anatafuta msichana aliyemaliza shule, mwenye mwandiko unaosomeka, kwa sababu wasikilizaji wa Kiswahili wanaandika barua nyingi. Nilishuka Rohero, redio iliko. Akaangalia mwandiko wangu, akaniangalia na mimi, akauliza, "We unaongeaka?"

Nikasema kidogo.

"Vizuri," akasema. "Humu ndani kelele iko ya kutosha."

Mama, natamani ungemwona mama huyu akipanga muziki wa Noeli. Redio nyingine za hapa zinaanza kupiga nyimbo za Noeli mwezi wa kumi na mbili ukiingia tu, asubuhi mpaka jioni, hata Noeli yenyewe inapofika watu wameshachoka nazo. Yeye hapana. Katika wiki ya kwanza ya Majilio anatoa wimbo mmoja tu wa Noeli kwa siku, asubuhi, watu wakiwa wanapasha chai. Wiki inayofuata anaongeza mwingine wa jioni. Watu wanapiga simu wanalalamika, naye anawaambia, "Mutu hali wakati chungu iko bado mu moto." Habari zikiwa mbaya, na mara nyingi ni mbaya, haweki wimbo wa shangwe papo hapo. Kwanza anaweka nyuzi za inanga peke yake, au filimbi, watu wavute pumzi, ndipo kwaya inaingia. Hakuna anayemsifu kwa hilo kwa sababu hakuna anayejua kwamba kuna mtu aliyelifikiria. Mimi nilikuwa nadhani redio inapiga tu.

Anazijua na saa za watu. Mapema sana anawapa akina mama wa sokoni kwaya za Kirundi zenye makofi. Mchana ni nyimbo za Kifaransa za watoto wa shule. Jioni kabla ya habari ni zamu ya santuri moja ya Wamarekani, wale wachunga ng'ombe wanaovaa kofia pana, ambao gitaa lao linateleza kama mtu anayelia na kucheka pamoja. Hiyo ndiyo inayoombwa zaidi na madereva na watu wa milimani. Nilishangaa, nikathubutu kumwuliza fundi mitambo wetu kwa nini. Fundi huyo anaitwa Ramadhani, ni Mwislamu wa Buyenzi, na huwezi kukaa naye usicheke.

"We mutoto wa Kigoma," akaniambia, "mutu anaimba ju ya Yesu na ju ya ng'ombe mu wimbo moja, Murundi atakataa namna gani?"

Yeye ndiye anayeongoza mitambo kila mkesha wa Noeli, ili Wakristo wakae na watoto wao. Anasema, "Noeli yote ya Bujumbura inapita mu vidole vyangu, na keki yake sijawahi kuionja." Mwaka huu Mama Imelda amemletea kipande kwenye bakuli. Akakila kimya, akatangaza kwamba keki ya Idi ya mama yake ni tamu zaidi.

Na ujue mkesha wenyewe hapa hauko kama huko. Kwa sababu ya kuvrefe, zile saa za kutotoka nje, misa ya mkesha inasomwa mchana, jua likiwa kali, na padri anafupisha mahubiri. Watu wanarudi nyumbani mbio mbio, mageti yanafungwa, mji mzima uko ndani kabla giza halijaingia. Mkesha kwa kweli unafanyika redioni. Mama Imelda ndiye anayewashika watu mkono jioni hiyo, kila nyumba na geti lake, wote wakisikiliza wimbo mmoja kwa wakati mmoja. Kuna mitaa ambayo watu wake hawatembeleani tena siku hizi za vita, Mama, wewe unajua kwa nini. Lakini jioni hiyo wanaimba kibwagizo kimoja.

Sasa nafika kwenye jambo lililonifanya nimheshimu mama huyu kuliko yote, nalo ndilo lililogusa nyumba yetu.

Kabla sijaja, redio ilipiga wimbo wa kwaya moja ya hapa mjini. Mwanamke mmoja wa Kinama alikuwa anapepeta mchele nje ya nyumba yake, akasikia sauti ya binti yake aliyekuwa amezikwa mwezi ule ule. Alitupa ungo akatoka mbio njiani akiita jina la binti yake. Majirani walimshika wakamleta redioni, kwa sababu alikataa katakata kuamini kwamba mtoto hayumo mle ndani. Mama Imelda alimfungulia chumba cha kutangazia akaone mwenyewe. Tangu siku hiyo, kila Majilio anachukua kaseti za kwaya za nyumbani anawaendea walimu wa kwaya mmoja mmoja, anauliza: katika sauti hizi, nani ametutoka? Akishaambiwa, anakwenda kwa familia, kwa miguu, kuuliza kama wanaruhusu. Kwa simu hataki. Anasema kwa simu mtu anaweza kusema ndiyo huku uso wake unasema hapana.

Mwaka huu nilimsindikiza. Kwa mzee mmoja wa Bwiza, aliyefiwa na mkewe, tulikaribishwa kwenye mkeka. Mama Imelda akamweleza. Mzee akacheka mpaka akakohoa.

"Huyu bibi yangu aliimba sauti ya pili maisha yake yote," akasema, "na hakuna mutu alimusikia hata siku moja. Sasa atasumbua nani? Mupige! Mupige kwa nguvu, pengine leo nitamusikia."

Nyumba nyingine mama hakufungua hata geti. Alisikiliza akiwa ndani, akasema "apana," tukasikia kandambili zake zikirudi. Mama Imelda aliliinamia lile geti akasema, "Asante mama, Noeli njema," tukaondoka. Kaseti ile aliirudisha kabatini siku hiyo hiyo.

Halafu ikaja kaseti ya kaka Dezire.

Nilikuwa nimekwisha kusikia juu ya wimbo wake hata kabla sijajua kwamba ni wake. Barua nyingi za Desemba zinauomba. Unajulikana kama wimbo wa wachungaji, mwalimu wao wa kwaya ndiye aliyeutunga. Wachungaji wanagombana nani aende Betlehemu na nani abaki na mifugo, kwaya nzima inagombana kweli kweli, mpaka mmoja anabaki. Ndipo sauti moja inaimba peke yake, ya yule aliyebaki. Anawaambia wenzake, mkirudi mniambie mtoto anafanana na nani. Mama Imelda aliuweka mashineni ahakikishe kanda haijaharibika. Mimi nilikuwa nabandika karatasi kwenye makasha. Sauti ile ilipoanza nilisimama. Sikuwa nimemwona kaka Dezire tangu nikiwa mdogo kabisa, alipokuja Kigoma akiwa na suruali fupi, lakini mwanzo wa kila neno alikuwa akivuta pumzi kidogo kwa pua, vile vile kama mama mdogo anavyofanya akiwa anasali.

Mama Imelda akasimamisha kanda. "Ni Dezire wa Perpetua," akasema. "Mwaka jana kidonda kilikuwa kibichi, sikumwuliza, niliacha tu. Mwaka huu nitakuja kwenu. Usimwambie kitu."

Wimbo huo tunao sisi peke yetu, ulirekodiwa humu humu. Lakini watu wameunakili kwenye kaseti, na kaseti zimefika kwenye baa. Hilo ndilo nililoliogopa, kwa sababu tukienda sokoni na mama mdogo tunapita baa mbili, naye alibadilisha njia Desemba ilipoingia. Sikuwa nimeelewa kwa nini tunazunguka.

Mama Imelda alikuja Jumamosi baada ya mvua. Mama mdogo alimwekea kiti, akamletea chai ya maziwa, wakaongea habari za parokia. Mimi nilikaa mlangoni nachambua maharage. Kisha Mama Imelda akaweka kikombe chini.

"Perpetua, nimekuja kuuliza. Wimbo wa wachungaji. Unaturuhusu tuupige jioni ya mkesha wa Noeli?"

Mama mdogo alifuta meza iliyokuwa safi.

"Nilikuwa napita kule baa ya kona," akasema, "ikafika pale anaanza kuimba. Watu wakagonganisha chupa. Mumoja akasema, 'Huyu kijana anajua kuimba, atafika mbali.' Atafika mbali! Imelda, wanamucheza. Hawajui hata kama alikuwa na mama. Mutoto wangu si muziki ya baa."

"Ego," Mama Imelda akamkubalia.

"Basi apana."

"Sawa."

Mama mdogo alikuwa amejiandaa kubishana, nilimwona mabega yalivyokuwa yamepanda. "Sawa tu hivyo?"

"Niliuliza, umejibu. Niongezee chai, hii ya kwenu iko na tangawizi."

Wakanywa chai. Alipoondoka, mama mdogo alikaa na vile vikombe viwili mbele yake bila kuviosha. Akaniuliza, "Huyu mama yako wa redio, akisema sawa, ni sawa?" Nikamwambia ndiyo. Lakini Mama, sikuwa na hakika, na nitakwambia kwa nini.

Jumatatu, mkurugenzi wa redio alisikia kwamba wimbo wa wachungaji haumo tena. Ni bwana mwema, anatulinda sana sisi vijana, lakini alikuwa ameshautangaza mwenyewe hewani kwamba mwaka huu utarudi. Alikuja diskoteki, yeye ambaye haji.

"Imelda, redio zile nyingine zinangoja tuanguke. Noeli bila wimbo ule, watu watapiga simu mpaka simu ipasuke."

"Ipasuke."

"Mji huu umechoka, mama. Watu wanahitaji kitu cha kuwafurahisha jioni moja."

"Nitawafurahisha. Niachie."

"Wimbo ni mali ya redio. Tulirekodi kwa kanda yetu."

"Kanda ni ya redio," Mama Imelda akasema, huku akiendelea kufuta vumbi kwenye santuri. "Sauti ina mama yake."

Fundi Ramadhani alikuwa kwenye korido anajifanya kurekebisha waya. Mkurugenzi akamwuliza yeye, "Na we unasemaje?" Fundi akasema, "Mi ni Muislamu, Noeli si kazi yangu. Lakini mutu akisema apana kwa kitu cha mutoto wake aliyekufa, kwetu Buyenzi hatuulizi mara ya pili." Mkurugenzi akashusha pumzi. Akasema tutaona siku yenyewe, akaenda zake. Na ufunguo wa pili wa kabati la kanda anao yeye. Hayo sikumweleza mama mdogo. Kila siku nilikwenda kazini nikiangalia kama kaseti bado ipo mahali pake.

Mkesha ukafika. Tulikwenda misa ya mchana, tukarudi, tukafunga geti. Mama Imelda na fundi Ramadhani walibaki Rohero na mtangazaji, maana atakayekuwa redioni jioni hiyo analala huko huko. Sisi tulikaa uani tukimenya ndizi. Redio yetu ilikuwa juu ya kabati, imezimwa. Lakini majirani wote walikuwa wamefungulia, upande wa kulia, upande wa kushoto na nyuma, wimbo mmoja ukija juu ya ukuta kutoka pande tatu. Mama mdogo aliendelea na ndizi zake. Kifungo cha redio ya jirani hakiko mkononi mwake.

Mama Imelda alianza na sauti tupu, bila ngoma wala gitaa. Nilijua amefanya hivyo makusudi, kwa ajili ya nyumba zilizo kama yetu ambazo hazijaganduka, ili nazo ziweze kukaa na wengine kidogo. Nilitaka kumwambia mama mdogo, nikaona haya. Watoto wa jirani waliimba wakikosea maneno. Kisha simu za wasikilizaji zikaanza, na wa kwanza tu, mwanamume wa Kamenge kwa sauti ya kukwaruza, akauliza hivi: "Sasa, ule wimbo wetu wa wachungaji muliutupa wapi? Muliahidi!"

Mtoto wa jirani akaanza kulia, hatukusikia jibu. Mama mdogo akasimama, maganda yakamwanguka miguuni.

"Spesi, washa yetu."

Sikusogea, nilidhani sikusikia vizuri.

"Washa yetu, mwana wangu, nisikie huyo mama anajibu nini!"

Nilikimbia. Kwa haraka nikaipita stesheni, nikarudi. Moyoni nilikuwa namwona mkurugenzi na ufunguo wake. Tulipoipata, aliyekuwa anaongea alikuwa Mama Imelda mwenyewe, ambaye miaka yote hajawahi kusogelea kipaza sauti. Sauti yake hewani ni ndogo kuliko ilivyo.

"...siyo kwamba umepotea, baba. Wimbo ule uko na mwenyewe. Kijana aliyeimba peke yake amelala, na mama yake bado iko mu msiba. Tulimwuliza, akasema apana. Kwa hiyo mwaka huu hatupigi. Na nyinyi wenye kaseti, ninawaomba muzizime leo."

Tulisikia simu ya yule wa Kamenge ikikoroma. Halafu akasema, "Eh. Mama, sisi hatukujua. Mi nilizani ni wimbo wa redio. Nilizani yule kijana iko tu, anakula Noeli kwao." Akaongeza, "Basi mumwambie mama yake pole. Mumwambie huku Kamenge tunazima kaseti."

Na kweli, Mama, si mbali sana na kwetu kuna baa iliyokuwa wazi kwa wateja waliofungiwa ndani na kuvrefe. Sijui kama ilikuwa sababu hiyo au umeme ulikatika, lakini muziki wake ulinyamaza.

Waliofuata hawakuomba nyimbo tena. Alipiga muuguzi aliyekuwa zamu, akasema wagonjwa wa wodi yake nao wanampa pole mama wa yule kijana. Akapiga mwanamke wa Ngagara, akasema na yeye ana wake, hakumtaja jina, akasema tu "mi pia," akakata. Akapiga kuli mmoja aliyekwama bandarini, analala ndani ya meli ya mizigo, akasema, "Mi na wenzangu tunasema pole kwa mama. Huku tumelalia magunia ya chumvi, tunawashwa mwili muzima, lakini tunasema pole." Wenzake wakasikika nyuma wakipiga kelele, "Pole mama!" kama watu wanaoshangilia goli.

Hapo mama mdogo akacheka. Alicheka kwa sauti, akashika tumbo, na machozi yakawa yanamshuka, asijali kuyafuta. "Yoo, huyu mutu wa chumvi!" akasema. "Anajikuna na anatoa rambirambi!" Nilikaa karibu naye. Tulisikiliza simu zote, mpaka mtangazaji akashukuru na ngoma za kwaya zikaanza. Ndipo akanyoosha mkono akazima.

"Nyumba bado iko mu msiba," akasema. Akaokota maganda.

Asubuhi ya Noeli nilimkuta ameshaamka, amevaa, amekaa mezani kama anayengoja mgeni. Nakuandikia maneno yake jinsi alivyoyasema, kwa sababu aliniambia nisiyapambe.

"Andikia dada yangu. Mwambie nilikuwa nakataa kuganduka kwa sababu niliona watu walishamaliza kulia kabla yangu, mimi nikimaliza nitamuacha Dezire peke yake. Sasa nimesikia wamejua. Tutaganduka baada ya Pasaka. Wajomba nitawaambia mimi mwenyewe. Siku hiyo Imelda alete kanda hapa nyumbani, tusikilize sisi kwanza, familia. Redio itangoja. Kisha wapige, nawapa, lakini wataje jina lake. Na dada yangu aje. Bila yeye siganduki. Pombe ile siwezi kuinywa na wanaume watupu."

Mama, najua uliapa kwamba hutakanyaga tena Bujumbura mpaka bunduki zinyamaze. Hazijanyamaza, na sitakudanganya kuhusu hilo. Meli zinakuja kutoka Kigoma, abiria wanashuka, ninawaona. Sijui nikuombe nini, mimi ni mtoto na mambo haya ni ya wakubwa. Nakueleza tu kwamba nilimpelekea Mama Imelda habari hizi, na yeye aliichukua ile kaseti, akaifunga kwa kitambaa chake cha kichwani, akaiweka peke yake kwenye rafu ya juu. Mkurugenzi alikuja kusalimu akaiona pale, akavua miwani, akaenda. Simu, alituambia, haikupasuka.

Nisalimie Baba, na asipande tena juu ya paa kuziba mabati peke yake. Msalimie Bibi, mama yake Baba, umwambie kile kitenge chake ninakivaa Jumapili. Mdogo wangu Anastazia akazane na hesabu. Bulaya, kitinda mimba wetu, mwambie nimemwona fundi anayeongoza redio nzima kwa vidole viwili, na alishindwa kuandika vizuri shuleni kama yeye. Na mama jirani anayekusomea barua macho yakikuuma, shikamoo yake pia. Samahani nimemwandikia mengi leo.

Ninapomaliza hapa, mama mdogo anafagia chumba cha kaka Dezire, ambacho tangu nije sijawahi kukiona kikifunguliwa. Ametoa godoro, amelilaza juani. Nimemwuliza litalaliwa na nani.

"Mutu wa Kigoma," amesema, na hakuacha kufagia.

Wako akupendaye,
binti yako,
Spesioza